Jiwe Tuliloliita Mkwe

Niliinunua mwaka wa tisini na tatu
kwa mshahara wa mwisho wa machimbo ya mawe ya kuezekea.
Ndugu yangu Ifor alinunua televisheni, mke wake akafurahi.
Wangu hakusema kitu;
alichukua kitambaa, akafuta meza iliyokuwa safi.

Ya chuma, rangi ya zambarau,
usukani mwembamba kama mwiko wa uji.
Haikuwa na springi: springi zake zilikuwa viwiko vyangu,
magoti yangu, na jino moja la mbele
ambalo bado liko mahali fulani juu ya Blaenau.

Breki zake zilikuwa ombi.
Ukizibana kwenye mvua
(na kwetu Wales mvua haiji, inakaa)
zilipiga mayowe kwanza,
zikafikiria,
zikaanza kazi wewe umeshafika.

Miaka thelathini na mmoja.
Nimebadilisha mnyororo hadi nikapoteza hesabu,
kiti mara nne, pedali, rimu, spoki mojamoja,
mpaka binti yangu Heledd akasema:
Baba, cha asili kilichobaki hapo ni ukaidi.

Akanipeleka dukani kwa Tegid.
Tegid akanipima miguu kama fundi wa suti,
au wa jeneza,
akanitajia bei.
Nikamwuliza kama inakuja na dereva.

Nyeusi, isiyong'aa. Magurudumu yanakufika kiunoni.
Shokomzoba mbele na nyuma, zinapumua.
Kiti kinashuka ukibonyeza kitufe,
kwa adabu, kama mhudumu wa hoteli.
Na breki za mafuta: kidole kimoja, alisema Tegid, kimoja tu.
Lakini mkono una kumbukumbu zake.
Nikabana kwa vinne,
na mbele ya duka, mbele ya watalii wawili na mbwa,
nikapaa.
Hii haiombwi.

Jumamosi tukapanda hadi juu ya vifusi vya machimbo,
pale vipande vya kijivu vinapolia chini ya tairi kama sahani.
Kona ya tatu, baada ya mfereji, kuna jiwe.
Mimi na Ifor tulilibatiza Mkwe,
maana hakuna aliyewahi kupita mbele yake
bila kushuka na kuinama.

Nikashusha kiti.
Nikakaza meno yaliyobaki.
Nikangoja.
Nikangoja,
nikajikuta getini, chini kabisa, mikono haijafa ganzi,
Heledd anacheka.
Yuko wapi?
Nani?
Mkwe.
Umeshampita, Baba.

Sikuamini. Nikailaza ile mpya kwenye nyasi,
nikapanda kwa miguu, dakika ishirini, nikihema.
Lilikuwepo.
Dogo. Sikujua kwamba ni dogo vile.
Ubavuni lina mikwaruzo ya meno ya gia yangu,
mstari juu ya mstari,
mingine imeota kuvumwani, mingine bado ni myeupe,
na mmoja wa chini, peke yake, ni wa Ifor:
yeye alipenda kupitia kushoto.
Siku hizi Ifor hapandi kitu ila ngazi za nyumba yake,
nazo kwa vituo.

Nikatafuta alama ya leo.
Nikapitisha kidole, polepole, kama kipofu asomaye.
Hakuna.

Jumapili, kabla Heledd hajaamka,
nikaitoa ya zambarau bandani.
Mfereji. Kona ya kwanza, ya pili. Breki zikapiga mayowe,
zikafikiria.
Nikaanguka upande uleule.

Alinikuta jikoni, mguu kwenye beseni,
maji yamebadilika rangi.
Umefurahi sasa?
Ngoja damu ikatike, nikasema.
Mchana natoka na ile nyeusi.